Wanajipakulia Wenyewe

3 Februari

Mkwe wangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na wajukuu wangu. Mimi sijambo, ni miguu tu inayolalamika, na ina haki yake, maana imesimama kwenye jiko la shule ya bweni miaka ishirini na sita. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo na bati la jikoni limeanza kuvuja. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu wa kike, basi siku hizi hana habari nyingine. Ukimuuliza bei ya kushona gauni anakujibu mtoto ameota jino.

Unajua kwa nini nakuandikia na sikupigii. Habari ya msiba wa mwanangu niliipokea kwenye simu, na tangu siku ile sitaki kuisikia ikilia. Nimeizima, nimeitia kabatini. Barua inabisha hodi kwanza.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Watoto walipokuwa hapa likizo nilimuuliza yule mkubwa, Karani, "Kwenu asubuhi mnakula nini kabla ya shule?" Akanijibu kama unavyomjua, kama anasoma taarifa ya habari: "Baba akishaondoka tunakula biskuti. Zikiisha tunakunywa maji ya sukari. Goti anapenda yenye sukari nyingi." Mmoja ana miaka minane, mwingine sita, na wanaenda darasani na maji ya sukari tumboni!

Sikulaumu. Basi la shule haliwezi kujiwasha lenyewe, na saa kumi na moja kasorobo lazima uwe umetoka. Lakini watoto wa watu wanapanda basi lako wameshiba, na watoto wa mwanangu wanakwenda kwa miguu na njaa yao. Mimi hapa nina vyumba viwili havina mtu. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja nitakuja kuwachukua. Watasoma huku, watakula, watanenepa. Wewe bado kijana, utapanga maisha yako.

Usinijibu kwa hasira. Mwambie Goti, mume wangu, kwamba mke wake anamsalimu na soksi zake moja moja nimezikuta chini ya kitanda.

Mama mkwe wako


21 Februari

Mama, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu, wazima sote. Klachi ya basi ilikufa wiki iliyopita katikati ya barabara nikiwa na watoto thelathini na mmoja, wakashangilia kama nimewaletea sikukuu. Goti amechubuka tena goti, la kulia safari hii. Jina tumempa wenyewe, tusimlaumu. Karani amepata nafasi ya tatu kwenye kusoma na amenuna kwa sababu si ya kwanza.

Ulisema nisikujibu kwa hasira, nimesubiri wiki mbili zipite. Mama, aliyokuambia Karani ni kweli. Nilijaribu kuwapikia kabla sijaondoka. Wakiamka wanakuta mayai yameganda na mafuta, mkate umekauka, chai ina ngozi juu. Wanamwaga, wanarudi kwenye biskuti. Nikajaribu kumwomba dada wa nyumba ya pili awatazame, akaja siku nne, ya tano akapata kazi.

Kila asubuhi nasimama kwenye mageti kumi na tisa. Geti la saba kuna mama anatoka na kanga begani, anamfunga mtoto vifungo vya shati huku amemshikia yai mdomoni. Mimi hujifanya natazama kioo cha pembeni.

Nakuomba usiwachukue. Nyumba hii ikikosa sauti zao sitajua nirudi kufanya nini. Wewe ulilisha watoto mia tatu kila asubuhi. Nifundishe, na mimi niwafundishe wajiandalie wenyewe. Shule zikifungwa na bado hawawezi, njoo uwachukue, sitasema neno.

Mkweo


12 Machi

Mkwe wangu,

Hapa kwema. Bati limezibwa kwa lami, sasa jiko zima linanuka barabara. Mjukuu wa fundi ana jino la pili, tumetangaziwa.

Barua yako nilitaka nisiijibu. Baadaye nikasema, mpishi akiulizwa mapishi akanyamaza huyo ni mchoyo tu, na uchoyo sikuzaliwa nao. Nitakufundisha. Ila tukubaliane. Wiki ya mwisho ya shule nitakuja, nitakaa kwenye kiti asubuhi yao, mdomo nimeufunga. Wakijiandalia wakashiba bila moto, bila damu na bila machozi, wanabaki kwako. Wakishindwa naondoka nao.

Sasa sikiliza. Kwanza, shusha vitu. Mtoto hawezi kula kilichoko juu ya kichwa chake. Mkate, karanga za kusaga, ndizi, vikombe, vyote viwe kwenye rafu ya chini. Sukari na biskuti ndivyo viwekwe juu. Stuli iwe na miguu minne inayokanyaga chini, ile yenu inayonesanesa itupe.

Kiberiti wasikiguse mwaka huu. Chemsha mayai na viazi vitamu jioni, wao kazi yao kumenya. Maziwa yachemshe ukiamka, uyafunge kwenye chupa ya chai, ujaze nusu tu, chupa iliyojaa inamshinda mtoto mkono.

Wafundishe kwamba sahani ina watu watatu: wa kutia nguvu, wa kujenga mwili na wa kulinda mwili. Mkate au kiazi, yai au karanga au maziwa, na tunda. Wakiwepo wote watatu, sahani imetimia. Nani aje leo, wachague wenyewe. Ukiwachagulia wewe watakula siku uliyopo tu, na wewe haupo.

Jumapili ndiyo siku ya mazoezi. Unasimama ukutani, mikono nyuma. Yai likianguka usifute, wafute wao. Usiseme "lete nikusaidie." Hilo neno limeharibu watoto wengi kuliko peremende.

Kukata tunda: kile kisu cha kupakia siagi, kisicho na makali. Kisu mkono wa kulia, tunda linashikwa na wa kushoto, vidole vimekunjwa ndani. Wote wawili hivyo hivyo, na usiwaruhusu vingine.

Uji ni wa Jumapili, ukiwa umesimama karibu. Vipimo vyake mimi navijua vya watu mia tatu tu, nimevigawanya kwenye karatasi nyingine humu ndani ya bahasha, hesabu sikusomea.

Msalimie mume wangu.

Mama


30 Aprili

Mama, shikamoo.

Pole na lami. Sisi wazima. Klachi mpya imefika, basi sasa linapanda mlima kama kijana.

Nianze na uji. Mama, ile chumvi uligawanya kwa ngapi? Goti alionja akatazama bakuli, akatutazama, akasema, "Huu ni wa bahari." Tulicheka hadi Karani akapata kwikwi. Nilikuwa sijacheka nyumbani kwangu tangu msiba, na nilipogundua nacheka nikaona haya.

Mazoezi yanakwenda. Jumapili ya kwanza mayai matatu yalianguka, maziwa yakamwagika hadi chini ya friji, na mimi ukutani mikono nyuma kama mtuhumiwa. Ya pili likaanguka yai moja. Karani amefungua daftari, ameandika "Watu wa Sahani", kila siku anatia alama nani kaja. Juzi alimkatalia Goti kuondoka mezani kwa sababu "mlinzi hajafika", yaani tunda. Goti akatoka nje akarudi na pera la jirani. Nimeshaomba radhi kwa jirani.

Siku za shule siwaoni. Narudi saa nne, nakuta sahani zimeoshwa, zimeinamishwa, na sahani moja imefunikwa kwa nyingine. Chini yake kuna yai, kiazi na nusu ndizi iliyogeuka nyeusi. Wananiwekea. Nakaa nakula peke yangu, nyumba kimya, kisha naandika kwenye daftari kwamba watu wote watatu walikuja.

Mwalimu wao ameniambia Goti halali tena darasani.

Mkweo


2 Juni

Mkwe wangu,

Nimefurahi. Nasema kweli, nimefurahi, ingawa baada ya kusoma nilikwenda kufunga madirisha ya vile vyumba viwili. Nilikuwa nimeyafungua yapate hewa.

Fundi amesafiri na mjukuu wake mwezi mzima. Sikujua kama nitakosa habari za meno.

Nimesoma barua yako mara nyingi na jambo moja silioni. Umesema Goti anamenya, anachuma mapera ya watu, anaonja uji. Hujasema anavyokata. Anashikaje kisu? Anashikaje kijiko? Niandikie.

Mama


19 Agosti

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi, nauli za shule zilipanda, wazazi wakagoma, halafu basi likaenda matengenezo. Na mafua yalipita nyumba nzima.

Karani sasa anatengeneza mtindi wenye ndizi na karanga juu. Amenielekeza nisiule kwa haraka kwa sababu "umepambwa".

Goti mzima. Kisu tumekiweka pembeni kwanza, yeye anapenda zaidi kuponda ndizi kwa uma. Ni mtoto bado.

Tunakusubiri mwezi wa kumi na moja. Kitanda cha Karani ni chako, yeye atalala na mdogo wake.

Mkweo


28 Novemba

Mkwe wangu,

Najua ulirudi saa nne ukakuta kiti kitupu na mimi sipo. Usidhani watoto walinikosea. Nilipanda basi la saa tatu kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo nakuandikia leo.

Saa kumi na mbili kamili walikuwa wamenawa. Karani aliniambia, "Bibi, kaa hapo, usiguse kitu, ndiyo sheria yako." Nikakaa. Walipanga vikombe, wakamenya mayai, akamimina maziwa bila kumwaga tone. Nimefanya kazi na wapishi wenye vyeti wasio na mpangilio ule. Mdomo niliufunga kweli, mikono ndiyo ilikuwa inaniwasha.

Kisha nikamtazama mume wangu akila. Kijiko mkono wa kulia, mtindi unamwagikia shati, na mkono wa kushoto ameuficha chini ya meza. Nikavunja sheria yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Goti, lete mkono huo." Akakataa. Nikaushika. Alama ya kisu, kidole gumba, ndefu kama punje ya mchele na nusu. Nikauliza imetoka wapi, nikauliza tena. Mwisho Karani akasema, "Baba alisema ukijua kuna damu tutahamishwa." Na hapo ndipo yakaja machozi, ya wote wawili.

Sasa nisikilize. Uliponiomba nikufundishe, nilikufundisha yote niliyoyajua isipokuwa moja, na hilo nililificha makusudi. Goti anatumia kushoto. Nilimwona likizo ile ile ya maji ya sukari, siku ya kwanza tu alipochukua kijiko. Kama mama yake. Mama yake nilimfunga mkono huo kwa kitambaa akiwa na umri huo, nikimwambia mkono wa kushoto si wa chakula, na kila alichokata kwa mkono wa kulia kilimponyoka. Najua mtoto wa kushoto akikata kwa kulia kinachotokea. Hakuna mtu anayejua zaidi yangu.

Nilipofika kwenye kisu, kalamu ilisimama. Nikajiambia, akishindwa jambo moja dogo tu, watakuja kwangu. Nikaandika mkono wa kulia, na nikaongeza usiwaruhusu vingine. Sikutaka aumie. Nilitaka ashindwe. Ndiyo maana nilikuuliza mwezi wa sita, na uliponiandikia habari za kuponda ndizi nilielewa, nikanyamaza.

Nilikwambia nataka watoto wale, washibe. Haikuwa hivyo peke yake. Nilikuwa nataka mtu wa kumwambia "kula." Nyumba hii haina wa kumwambia hata "funga mlango."

Watoto ni wako. Wamefaulu. Mwambie Goti atumie mkono wake.

Mama wa marehemu mke wako


6 Februari

Mama, shikamoo.

Watoto wazima, wamepanda madarasa. Mimi pia mzima.

Nimekaa na barua yako miezi miwili kwa sababu kila nilipoanza kuandika kalamu ilitoboa karatasi. Alishonwa nyuzi tatu, mama. Alilia akimwita mama yake, jambo ambalo hakuna anayelifanya tena humu ndani, na mimi nimemshika miguu asirushe teke. Uliyajua hayo yanaweza kuja ukaandika. Nimekukasirikia, na sitakudanganya kwamba imeisha yote.

Lakini kuna yangu. Ulisema kisu kisicho na makali. Kilikuwa kinararua papai, na mimi ni mtu wa spana, nikiona kitu hakifanyi kazi mkono haunitulii. Nilikinoa. Kidogo tu, kwenye ngazi ya nje. Ningekiacha kama ulivyosema, angechubuka tu. Kisha nikawafundisha watoto kuficha, eti nisiwapoteze.

Na kilichoniuma kuliko vyote si hicho. Wewe ulikaa na mwanangu siku moja ukajua mkono wake. Mimi nimekaa naye miaka sita sikujua. Jioni sote tunakula ugali kwa mkono wa kulia, ndivyo tulivyomzoesha. Sijawahi kumwona akila asubuhi, isipokuwa Jumapili, na Jumapili nilikuwa natazama sakafu kama kuna yai.

Nilikwenda kwa msimamizi wa mabasi. Sasa Ijumaa dereva mwenzangu anachukua mzunguko wa alfajiri, mimi naanza saa mbili. Ijumaa ya kwanza niliamka mapema, nikavaa shati la pasi kabisa, nikakaa mezani. Karani akaja, akanitazama, akasema, "Baba, umekaa penye mkate. Sogea." Nikasogea. Goti akasema, "Hapo ndipo ninapopitia." Nikasogea tena. Nikaishia karibu na mlango. Goti anakata ndizi kwa kushoto, mama, vipande vinatoka sawasawa, hatazami hata. Wanapishana jikoni bila kusemeshana. Karani ananyoosha mkono, kikombe kipo. Nilinyanyuka nimimine maziwa, akaniambia kwa adabu kabisa, "Acha tu, Baba, utachelewesha."

Nikatoka uani nikalia. Nilipigana mwaka mzima wabaki kwangu, na wamebaki, na asubuhi yao haina nafasi yangu. Tumewafundisha vizuri mno, mimi na wewe.

Nilipofuta uso nikawaza, duniani kuna mtu mmoja tu atakayelielewa jambo hili nikimsimulia. Na ndiye niliyemkasirikia.

Njoo, mama. Usije kuwachukua, wala kuwapima. Ijumaa tukae wawili pale karibu na mlango, tusiguse kitu, watupakulie.

Mkweo


15 Februari

Mkwe wangu,

Nimeipata barua yako jana. Hasira yako nimeipokea, ni halali yangu, iache ipungue kwa mwendo wake, usiilazimishe kwa ajili yangu.

Nimeulizia mabasi. Nitafika Alhamisi ijayo jioni. Sitaleta chakula, kwa hiyo usishangae nikija na mkoba mdogo.

Ila nikwambie mapema usije ukanicheka. Mimi sijui kukaa mezani nikapakuliwa. Kazini nilikula nimesimama, sahani juu ya mfuniko wa sufuria, na nyumbani nikazoea hivyo hivyo, hata mwanangu alipokuwa mdogo ananivuta gauni anasema, "Mama, kaa basi." Nilimwambia kesho. Nilimwambia kesho mpaka akaolewa.

Waambie watoto wanivumilie, huenda nikanyanyuka. Nikinyanyuka, Karani anikalishe.

Mama